Kipi Kisemwe Leo, Kipi Kingoje

Kujua Kifaransa na kujua kukifundisha ni kazi mbili tofauti. Katika vyuo vikuu vyetu wapo vijana wanaojifunza zote mbili kwa pamoja, siku ile ile, kabla hawajaimaliza hata moja. Saa mbili asubuhi kijana yumo kwenye kipindi cha fonetiki, anahangaika na ile irabu ya “tu” ambayo kila akiikaribia inamtoka kama “i”, au kama “u” yetu ya kawaida. Saa tano yumo kwenye ukumbi wa mihadhara anasikiliza saikolojia ya elimu: mtoto husahau vipi, hukumbuka vipi, huchoka lini. Jioni anakaa kitandani bwenini, daftari magotini, anaandika andalio la somo la kumfundisha mtu mwingine irabu ile ile iliyomshinda asubuhi.

Ukiutazama utaratibu huu kwa haraka utaona kama kosa la ratiba. Nani amfundishe mwenzake kuogelea, ilhali yeye mwenyewe bado ameshikilia ukingo wa mtumbwi? Lakini kila ninapoutazama kwa utulivu nauona ufundi ambao hausifiwi inavyostahili. Watu humsifu mkalimani, humsifu mtafsiri, humsifu hata mtembeza watalii wa Mji Mkongwe anayeruka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kupumua. Mwalimu wa Kifaransa wa sekondari hutajwa pale tu anapokosekana.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kazi hii imegawanywa katika sehemu mbili. Kifaransa kipo kwenye Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, ualimu upo Shule Kuu ya Elimu, na mwanachuo ndiye anayeziunganisha, kwa miguu, juani, kwenye vilima vya Mlimani. Shahada ni ya miaka 3, na ndani yake mtu hubeba masomo mawili ya kufundishia pamoja na masomo ya elimu yenyewe. Kenya, kwenye vyuo kama Kenyatta, mpango unafanana na huo, ila huchukua miaka 4. Ipo njia nyingine: mtu asome lugha mpaka mwisho, kisha aongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Ufaransa kwenyewe, kwa miongo mingi, walimu wa sekondari wamepatikana kwa namna hiyo, somo kwanza, halafu mtihani wa ushindani wa CAPES uliopo tangu 1950. Njia hiyo hutoa watu wanaojua mengi. Ninachokipenda katika njia ya pamoja ni kwamba mwalimu tarajali hapati nafasi ya kuusahau ujinga wake. Juzi tu alikuwa hasikii tofauti ya “ils ont” na “ils sont”, yaani hasikii kama watu hao wana kitu au ni kitu. Anakumbuka siku sikio lilipofunguka, na anakumbuka mhadhiri alifanya nini likafunguka. Kumbukumbu hiyo ikikaa miaka kumi bila kutumiwa hupotea. Ikiandikwa kwenye andalio la somo wiki ile ile, inakuwa zana ya kazi.

Na kitu cha kwanza ambacho zana hiyo inamfundisha ni kuzuia mdomo. Mtu anayeijua lugha hutaka kusema kila anachokijua. Muulize kwa nini tunasema “je suis allé” na si “j’ai allé”, atakumwagia orodha yote ya vitenzi vinavyokwenda na “être”, kanuni ya upatanisho, vighairi vya kanuni, na asili ya Kilatini juu yake. Yote ni kweli, na mtoto wa kidato cha pili anatoka pale hajui aanze kusema nini. Mwalimu tarajali hupewa adhabu tamu ya kuchagua. Ana dakika 40. Leo watu watakwenda na watakuja, basi: “je suis allé”, “je suis venu”. Kuzaliwa na kufa vitangoja, kupanda na kushuka vitangoja, na ile herufi “e” anayoongezewa mwanamke mwishoni itaonekana ubaoni bila kuelezwa, mpaka mmoja wao aulize.

Swali la kipi kitangulie liliwahi kushughulikiwa kwa kinasa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale Saint-Cloud karibu na Paris, kikundi kilichoongozwa na mwanaisimu Georges Gougenheim kilirekodi maongezi ya watu wa kawaida: mazungumzo 163, maneno zaidi ya 312,000. Wakayahesabu moja moja, bila kompyuta, ili wajue ni maneno gani hasa Wafaransa huyatumia wanapoongea, si wanapoandika. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1954, na baadaye ikajulikana kama Français fondamental. Lakini hesabu iliwaletea kioja. Maneno ambayo kila mtoto anayajua, kama uma wa mezani, yalikuwa hayaonekani au yanaonekana kwa nadra, kwa sababu watu hutumia uma kila siku bila kuutaja. Ikabidi waongeze njia ya pili: wakawaomba wanafunzi waandike maneno yanayowajia kichwani kuhusu chakula, mavazi, shule, safari. Mwisho wakapata hatua ya kwanza yenye maneno yapatayo 1,500. Wapo Wafaransa waliokasirika, wakaona lugha yao inakatwa miguu. Mimi nadhani ni mojawapo ya kazi za unyenyekevu mkubwa kufanywa na wataalamu wa lugha, kukaa na kusikiliza watu wakiongea mambo yasiyo na maana yoyote, kwa ajili ya mgeni ambaye hawatamwona.

Mwanachuo wetu husoma habari hii kwenye kozi ya mbinu za kufundishia, kisha anapaswa kuirudia kwa udogo wake. Uma wa Saint-Cloud una kazi gani Newala? Mtoto anayekuja darasani saa moja na nusu akiwa ametembea anahitaji kwanza mvua, njia, mdogo wake, maharage, ubao, kengele ya shule. Treni ya chini ya ardhi inaweza kungoja mpaka kidato cha nne, na hata hapo isije na maneno mengi. Wale wanaofundisha vizuri nimewaona wakienda mapumziko ya chai kusikiliza watoto wanaongea nini kwa Kiswahili. Kisha wanarudi na msamiati.

Sauti ni sura nyingine ya kazi hii, na ndiyo inayochekesha zaidi kuitazama. Kiswahili kina irabu tano zilizo wazi kabisa. Kifaransa kina irabu nyingi zaidi, baadhi zikipita puani, na ile ya “tu” ambayo ulimi unakaa mahali pa “i” huku midomo imejikunja kama ya “u”. Maelezo hayo ni sahihi, na hayamsaidii mtu yeyote. Petar Guberina, mtaalamu wa Zagreb, ndiye aliyeonyesha kwamba kosa la matamshi ni la sikio kabla halijawa la mdomo: mwanafunzi anaichuja sauti ngeni kupitia mazoea ya lugha yake, kisha anatamka alichokisikia. Kwa hiyo usimpeleke kwenye kioo akatazame midomo. Mbadilishie kwanza mazingira ya sauti ili aisikie. Akitamka “u” nzito badala ya ile irabu, mpe sentensi inayopanda juu kwa swali, yenye “s” na “t” karibu yake. Akitamka “i” nyembamba mno, fanya kinyume: shusha sauti, izungushie “b” na “p” na “m”. Mwalimu tarajali anayeijua mbinu hii anaonekana kama anaimba na darasa. Mkaguzi asiyejua atadhani wanacheza.

Kwenye “r” ya Kifaransa, ile ya nyuma ya koo, watoto wa Pwani wana bahati ambayo hawaambiwi. Anayetamka “ghali” na “lugha” kwa “gh” halisi, bila kuigeuza “g”, tayari yuko jirani kabisa. Basi mwalimu mjanja haanzi na “r”. Anaanza na “ghali, ghali, ghali”, kisha “gh” peke yake, kisha anaisogeza nyuma kidogo, na “Paris” inatoka kabla mtoto hajajua kwamba amefundishwa. Kwa irabu za puani, Wafaransa wana kifungu chao cha mazoezi kinachosifu divai nyeupe, chenye irabu nne za puani mfululizo. Kuna shule ambako hakifai. Walimu huibadilisha divai kuwa mkate, “un bon pain blanc”, na irabu zote nne zinabaki salama. Shida ya msemaji wa Kiswahili hapo ni kwamba amezoea “mb”, “nd” na “ng”, kwa hiyo akisikia pua anatafuta konsonanti ya kuishika, na “bon” inakuwa “bong”. Anaambiwa azibe pua kwa vidole aone sauti ikibadilika. Darasa zima limeshika pua. Hakuna zana ya kufundishia ya bei nafuu kuliko hiyo.

Halafu kuna mapigo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa huusukuma mpaka mwisho wa kifungu cha maneno, na maneno yenyewe hushikana, “les amis” ikawa “lezami”. Lakini mtoto aliyefundishwa kuhesabu mizani ya shairi, nane kwa nane, amekwisha kujifunza kusikia silabi kama vipande vinavyolingana. Kifaransa nacho husemwa hivyo, silabi kwa silabi, na mshororo wake mkongwe una mizani 12, sita kwa sita. Mwalimu aliyebeba Kifaransa na Kiswahili kama masomo yake mawili anaweza kutoka kwenye kipindi cha ushairi asubuhi akaingia kwenye Kifaransa mchana na vidole vile vile vya kuhesabia.

Nimeutaja muungano huo makusudi. Wanachuo wengi huchagua Kifaransa na Kiingereza, au Kifaransa na historia, na mara nyingi husukumwa na hesabu za ajira. Kama ningeulizwa, ningesema Kifaransa na Kiswahili ndiyo ndoa bora, na sababu yake iko kwenye sarufi.

Sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na vitabu vingi vya Kifaransa vinavyotufikia vimetungwa kwa mtu anayeanzia Kiingereza. Mwalimu akivifuata bila kufikiri huzalisha ugumu ambao mtoto wa Kiswahili hakuwa nao. Chukua “son” na “sa”. Kitabu kitaeleza kwa kirefu kwamba maneno haya hayajali kama mwenye mali ni mwanamume au mwanamke, hufuata kitu kinachomilikiwa. Maelezo hayo ni ya Mwingereza. Mtoto anayesema “kitabu chake, nyumba yake, mkoba wake” amekuwa akikifuata kitu tangu alipoanza kuongea. Hahitaji ukurasa mzima, anahitaji mifano mitatu.

Chukua kiwakilishi cha mtendwa. “Je te vois.” “Ninakuona.” Mwingereza humweka mtendwa nyuma ya kitenzi, kwa hiyo ni lazima afundishwe kumtoa huko na kumleta mbele, na kila akichoka atamrudisha. Mswahili hana pa kumrudisha. Mwalimu anaandika sentensi mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, anapiga mstari chini ya “te”, anapiga mstari chini ya “ku”, anawaachia waone. Ndivyo ilivyo pia kwa “je me lave” na “ninajiosha”. Na ule ukanushaji wa “ne” na “pas” unaokibana kitenzi pande mbili, unaowashangaza wengi, haumshangazi sana anayesema “sisemi”, maana na yeye ameugusa mwanzo na mwisho wa kitenzi chake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ile hali ya kitenzi ambayo vitabu huiita “subjonctif”. Huwekwa mbali sana, mtu akishafika ngazi ya kati, na huletwa na maonyo kana kwamba ni mlima. “Je veux que tu viennes.” Kiingereza hakina umbo la kila siku la kulisaidia wazo hilo, kwa hiyo mwandishi wa kitabu ana haki ya kuogopa. Lakini sikiliza: “Nataka uje.” “Lazima tuondoke.” “Mwambie asome.” Mtoto wa darasa la pili anayageuza maumbo haya bila kufikiri, anajua kabisa kwamba ukitaka, ukiamuru, ukiwa na kusudi, kitenzi hakibaki kama kilivyo. Kinachobaki kwake ni maumbo ya Kifaransa yenyewe, na hayo ni magumu kweli. Ila sababu ya kuyatumia anayo tayari nyumbani. Naona hasara tunapoingoja miaka yote hiyo kwa sababu tu kitabu kiliandikiwa mtu mwingine. Mwalimu tarajali mwenye ujasiri anaweza kupenyeza “il faut que tu viennes” mwaka wa kwanza kabisa, kama kifungu cha kusemwa, bila jina la kisarufi, na hakuna atakayeumia.

Hata hivyo, ufundi uko zaidi katika kujua msaada wa Kiswahili unakomea wapi. Kiswahili sanifu hukubali kiambishi kimoja tu cha mtendwa: “ninampa”, na hicho kitabu ukitaje pembeni. Kifaransa huweka vyote viwili mbele ya kitenzi, “je le lui donne”, tena kwa mpangilio unaobadilika kulingana na nafsi. Hapo hakuna njia ya mkato, ni mazoezi ya mdomo mpaka masikio yakubali. Jinsia ya nomino nayo inafanana na ngeli kwa juu juu tu. Wazo kwamba nomino hutawala sentensi nzima si geni kwetu, “kiti kizuri kimevunjika”, na mtoto huliona la kawaida. Lakini “ki” hujitangaza mlangoni, na Kifaransa huficha. Viishio kama “-tion” na “-age” husaidia kidogo. Kwa mengine ni lazima neno lifundishwe pamoja na kibainishi chake tangu siku ya kwanza, “la main”, kamwe si “main” peke yake.

Vibainishi vyenyewe, “le” na “un” na “du”, ndio mgogoro usioisha. Kiswahili hakina vya aina hiyo. Mtu husema “nakula wali”, basi husema pia “je mange riz”, na atasema hivyo mwaka wa pili, na wa tatu, na akiwa amechoka atasema hivyo hata akiwa mhadhiri. Sijaona mwalimu aliyeushinda mgogoro huu kwa kanuni. Walioupunguza wameupunguza kwa uvumilivu.

Kisha kuna sentensi ambayo kila mwalimu wa Kifaransa Afrika Mashariki ameisikia: “Ma mère, il est malade.” Mama, “il”. Mwalimu mchanga hucheka, mwalimu mkali hukata alama. Aliyesoma elimu pamoja na lugha hufanya kitu kingine, na hapa ndipo kozi zile mbili zinaposhikana. Mwaka 1967 Pit Corder, mwanaisimu wa Edinburgh, aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga kichwani, na akatenganisha kosa la mfumo na kuteleza tu kwa ulimi. “Ma mère, il est malade” ni kosa la mfumo. Mtoto ana “yeye” moja, na kiambishi “a-” kimoja, kwa baba na mama na mwalimu mkuu. Amechukua “il” na kuipa kazi ya “a-”. Zaidi ya hapo, amelirudia lile jina kwa kiwakilishi baada ya kulitaja, kama tunavyosema “mama yeye ni mgonjwa”. Kumkatia alama hakutabomoa mfumo huo. Kumpa hadithi ya kaka na dada wawili wanaofanya mambo tofauti, ambamo asipotenganisha “il” na “elle” hatajua nani ameiba embe, kutaubomoa taratibu.

Kabla wanachuo hawajaenda shuleni kufundisha huwekwa kwenye majaribio ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe, somo la dakika chache mbele ya wenzao, mbinu iliyoanza Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenzake hujifanya kidato cha kwanza, na hakuna kidato cha kwanza kikorofi kama watu wazima wanaojifanya watoto. Wanauliza maswali yasiyo na adabu. Wanajifanya hawasikii. Anayefundisha anagundua kwamba amempa kisogo kila mtu kwa dakika nzima, akiandika ubaoni kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Baadaye huja mazoezi ya kufundisha, wenyewe huyaita “field”. Mara nyingi shule aliyopangiwa ina mwalimu mmoja tu wa Kifaransa, au haina, na kijana wa miaka 22 anakuwa Kifaransa chote cha shule ile kwa wiki kadhaa. Anaandika azimio la kazi, anaandika andalio la somo lenye hatua zake, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, tathmini, na safu ya muda pembeni. Fomu hizo huchosha, na wengi huzijaza usiku ili mkaguzi azione tu. Lakini soma andalio la yule anayeipenda kazi. Pembeni ya “maarifa mapya” ameandika kwa penseli: wataandika “ils sont” badala ya “ils ont”, usisahihishe mara moja, soma tena polepole, subiri. Imla kwake si mtego wa kuwakamata watoto. Ni kipimo cha kujua sikio limefika wapi. Ubaoni anatumia chaki mbili, nyeupe kwa herufi zinazosikika, ya rangi kwa zile zisizotamkwa, na baada ya wiki chache watoto wenyewe wanazisoma herufi bubu kwa macho na kuziruka kwa mdomo.

Lile “subiri” la penseli lina uzito. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu huuliza swali na kusubiri takriban sekunde moja kabla ya kulirudia, kumgeukia mwingine au kujijibu wenyewe. Na kwamba wakisubiri sekunde tatu tu, majibu hurefuka na watoto wanaonyamaza siku zote huanza kusema. Kwenye darasa la lugha ngeni sekunde hizo tatu ni ghali kuliko kwingine kokote. Mtoto anatafuta kitenzi, anakigeuza, anachagua “le” au “la”, anakumbuka midomo ikae vipi. Kwa mwalimu anayejua jibu, ukimya huo ni mateso. Mwalimu tarajali huumia kidogo kuliko wengine, kwa sababu asubuhi ile, au wiki ile, yeye ndiye aliyekuwa akitafuta kitenzi huku mhadhiri akimtazama.

Kifaransa chake mwenyewe kinahitaji chakula pia. Akishaajiriwa wilayani hakuna wa kuongea naye. Lugha huanza kukauka mdomoni ndani ya muhula. Wengine hubaki na redio. Redio ya Ufaransa, RFI, ina kipindi chake cha habari kwa Kifaransa chepesi, cha kama dakika kumi, ambacho kimewaokoa wengi, na mwalimu hukitumia mara mbili, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa kukikata vipande vya nusu dakika kwenye simu na kuwachezea kidato cha tatu. Wa Dar es Salaam na Arusha wana Alliance Française. Walio magharibi wana majirani.

Majirani hao wanaleta swali la mwisho la kuchagua. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia. Kwa mwalimu wa Kigoma hilo halikuwa jambo jipya. Shehena na wafanyabiashara wa Burundi na Kongo wamekuwa wakipita hapo siku zote. Ila Kifaransa chao kilipita mikononi mwa Wabelgiji. Kitabu na mtihani vinataka sabini isemwe “soixante-dix”, na tisini isemwe “quatre-vingt-dix”. Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi husema “septante” na “nonante”, maneno mafupi na yenye mantiki zaidi, kwa maoni yangu. Mwalimu akiyafundisha yote kwa pamoja atawachanganya watoto ambao bado wanatafuta ishirini. Akiyaficha ya majirani, mwanafunzi wake atapata alama nzuri na kushindwa kununua dagaa. Ninaowaheshimu hufanya hivi: “soixante-dix” hufundishwa kwa mdomo na kwa kalamu, kwa sababu ya mtihani, “septante” husikilizwa tu, kwenye michezo ya bei za sokoni, mtoto aonyeshe noti bila kulazimika kulitamka neno. Kulitamka huja kidato cha tatu, au siku atakapovuka mpaka mwenyewe, lolote litakalotangulia.